Ukuta mmoja, mnyama mmoja: Twiga wa Tendaguru, Mnyama wa Mtuka, Kongwe wa Ruhuhu au Mamba wa Kale?

Tumepata ukuta. Shule anayosoma binti yangu wametupa sisi wazazi tunaosaidia klabu ya sayansi ukuta wa nje wa maktaba, mita 6 kwa 3, umeshapigwa skimu na rangi nyeupe, unasubiri mchoro tu, na tulichokubaliana ni kuchora mnyama mmoja wa kale ambaye mifupa yake imetoka hapa hapa Tanzania. Mmoja tu, maana hela ya rangi na fundi inatosha mmoja. Basi tangu siku hiyo grupu letu la WhatsApp halilali. Kuna anayemtaka "yule mjusi aliyeko Ujerumani", kuna anayesema mchoreni T. rex watoto wanamjua (huyo nilimjibu hapo hapo, T. rex ni wa Amerika Kaskazini, mifupa yake haijawahi kutoka huku), na kuna mama mmoja aliuliza swali ambalo ndo limenifanya niandike hivi: kwani tunao wangapi wa kuchagua? Nilidhani wawili watatu. Nikaanza kusoma, nikakuta ni wengi mno, na wengine wana majina ya Kiswahili kabisa, Kiswahili chetu cha kila siku, na hakuna hata mmoja wetu kwenye grupu aliyekuwa anayajua.

Kwa hiyo huu ni ulinganisho kwa mwalimu au mzazi yeyote mwenye chaguo kama letu, iwe ukuta, iwe jina la klabu, iwe fulana za mahafali au mradi wa kidato cha pili. Nimewabakiza wanne, wengine nitawagusa kidogo tu.

Kwanza hili neno mjusi. Sisi tumezoea kusema mjusi wa Tendaguru na hata magazeti huandika hivyo, lakini dinosaria si mjusi. Mjusi, kenge na kinyonga wana ukoo wao. Dinosaria wapo kwenye ukoo mmoja na mamba upande huu na ndege upande ule, ndo maana ukimuuliza mtaalamu wa visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) leo atakwambia kuku anayechakura uani kwako ana undugu wa karibu zaidi na yule mkubwa wa Tendaguru kuliko alionao mjusi kafiri ukutani. Mtoto ukimwambia hivyo hasahau. Sasa kati ya hawa wanne wangu, wawili ni dinosaria kamili, mmoja ni binamu wa dinosaria, na mmoja yupo upande wa mamba. Wote watambaazi wa kale, ila sio wote dinosaria, na ukiandika dinosaria chini ya picha isiyo ya dinosaria umeshawakosesha watoto mtihani.

Tuanze na mkubwa. Tendaguru ni kilima mkoani Lindi, kama kilomita 60 kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Mwaka 1906 injinia wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alikutana na mifupa mikubwa isiyo ya kawaida ikiwa imechomoza ardhini, taarifa zikafika Ujerumani, mwaka uliofuata akaja profesa Eberhard Fraas kuhakiki, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin wakaendesha uchimbaji wa nguvu chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Hebu simama hapo uangalie miaka. Vita vya Maji Maji ni 1905 hadi 1907, kusini ndo kulichomwa moto, mashamba na maghala, watu wakafa njaa kwa wingi. Watu waliochimba Tendaguru walikuwa mamia, wengi wao wenyeji wa huko huko, na walikuwa wametoka kwenye njaa ile jana tu. Wao ndo waliochimba, wakafunga mifupa, wakaibeba vichwani na mabegani siku kadhaa kwa miguu mpaka bandarini Lindi, jumla tani zaidi ya 200. Sijui kama kuna kazi nyingine ya kisayansi hapa kwetu iliyobebwa kichwani namna hiyo.

Kilichotoka humo ni kingi: Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, Dicraeosaurus, Elaphrosaurus, Dysalotosaurus, na mkubwa wao ambaye mwaka 1914 Janensch alimpa jina Brachiosaurus brancai. Aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, mla majani, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma hivyo mgongo wake unateremka kama wa twiga, na shingo ndefu ya kufikia majani ya juu. Mifupa yake imesimamishwa Berlin tangu 1937, kimo chake pale ni mita 13.27, na bado ndo mifupa ya dinosaria mirefu kwenda juu kuliko yote iliyosimamishwa kwenye makumbusho duniani. Ila ujue sio mnyama mmoja, wameunganisha mifupa ya wanyama kadhaa na palipopungua wakajaza kwa plasta, hii ni kawaida na sio udanganyifu, lakini waambie watoto.

Sasa jina. Brachiosaurus lilikuwa tayari jina la mnyama wa Colorado, Marekani, aliyepewa na Elmer Riggs mwaka 1903. Janensch aliona wa Tendaguru anafanana naye akamweka humo humo. Mwaka 1988 Gregory Paul akasema hapana, tofauti ni nyingi, akapendekeza Giraffatitan, yaani twiga jitu, na 2009 Mike Taylor akachambua mfupa kwa mfupa akaonyesha kweli hawa wawili hawastahili kukaa jenasi moja, yaani kushiriki jina la kwanza. Ndo maana mtandaoni utakuta majina yote mawili kwa mnyama yule yule. Mi nakushauri tumia Giraffatitan brancai, na mwanafunzi akikuletea kitabu cha zamani kimeandika Brachiosaurus usimwambie kakosea, mwambie hilo ni jina lake la kwanza.

Brancai je? Ni Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho kule Berlin wakati huo, aliyehangaikia msafara upatikane. Kwa taratibu zao ni heshima halali kabisa, ukitaka kumuenzi mtu unachukua jina lake unabandika i mwishoni. Lakini ukilisoma hilo jina pale Lindi utajiuliza, na hawa waliobeba? Jibu lilichelewa miaka karibu mia. Msimamizi mkuu wa wachimbaji, mtu aliyekuwa na jicho la kutambua mfupa na mkono wa kuutengeneza, aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 ndipo mtaalamu Kristian Remes alipompa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina Australodocus bohetii. Halafu 2019 akaja Wamweracaudia, jina lililobeba Wamwera wenyewe, kabila la huko Lindi. Nilipolisoma la Boheti nilinyamaza kidogo. Pingili mbili tu za shingo ndo zimebeba jina lake, lakini limeingia kwenye daftari la sayansi na halitoki.

Kwa ukuta wetu sasa: mfupa mmoja wa juu wa mguu wa mbele wa Giraffatitan una mita 2 na sentimita 13. Ukuta wetu una kimo cha mita 3. Yaani kwa kipimo halisi tungechora bega na kiwiko tukaishiwa ukuta. Inabidi umchore kwa skeli, yaani umpunguze kwa uwiano, na umuweke mtu pembeni ili watoto waone tofauti, na hapo picha inapoteza ule mshtuko wake. Na kumwona ni Berlin. Mjadala wa kumrudisha upo miaka mingi, wengine wanasema arudi, wengine wanasema tujengewe uwezo na makumbusho kwanza, mi msimamo wangu ni kwamba hata kama hatorudi kesho, mtoto wa Lindi asiende kumsoma kwenye kitabu kama mnyama wa Ujerumani.

Wa pili ndo huyu aliyenishika: Mnyamawamtuka moyowamkia. Soma tena polepole. Mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Hilo ndo jina rasmi la kisayansi, limechapishwa 2019 na Eric Gorscak na Patrick O'Connor, na profesa wa Japani au Brazili akitaka kumtaja mnyama huyu hana njia nyingine, lazima aseme mnyama-wa-mtuka kwa Kiswahili. Mtuka ni mto wa msimu kusini magharibi mwa nchi, kwenye bonde la ufa la Rukwa. Mwaka 2004 watafiti waliona mifupa imechomoza juu kwenye ukuta wa genge linalotazama mto ukiwa umekauka, na kazi ya kuitoa ikaenda mpaka 2008, watu wananing'inia kwa kamba kwenye genge, mashine kubwa zikaletwa, huku wanakimbizana na mvua maana mto ukija unakula ukingo na mifupa inaondoka nayo. Moyo wa mkia ni kwa sababu baadhi ya pingili za mkia wake ukizitazama kwa nyuma zina umbo la moyo, ule ule ambao watoto wanauchora kwenye kadi.

Ni titanosauria, kundi la wala majani wenye shingo ndefu ambalo baadaye lilitoa wanyama wakubwa kuliko wote waliowahi kutembea nchi kavu, na huyu wa kwetu aliishi miaka kama milioni 100 iliyopita, karibu na mwanzo wa kundi hilo kustawi. Umuhimu wake ni huo. Titanosauria wengi wanajulikana kutoka Amerika Kusini, Afrika kuna vipande vipande, sasa ukipata mmoja mwenye meno, shingo, mgongo, mbavu, mkia na viungo, unaanza kuona hadithi ya kundi zima imepita wapi.

Kitu kingine hakiandikwi sana ila kwa sisi wenye lugha kinaonekana mara moja, sarufi imekaa. Mnyama WA Mtuka, moyo WA mkia, upatanisho upo sawa. Shingopana songwensis naye, titanosauria mwingine wa huko huko aliyepewa jina 2017, shingo pana, sio shingo mpana. Aliyeyatunga amemsikiliza mtu anayeongea lugha, hajafungua kamusi akachomoa neno. Hilo nimelipenda kuliko vyote.

Kasoro zake? Zipo. Mifupa haijapatikana yote hivyo fundi atakopa umbo la ndugu zake sehemu zilizopungua, hasa kichwa. Hana umaarufu, ukisema Mnyamawamtuka mzazi mwingine atadhani umetunga. Na naye ukutani ni kwa skeli kama Giraffatitan.

Wa tatu ni mkongwe kweli. Asilisaurus kongwe, jina la 2010, Sterling Nesbitt na wenzake, kutoka bonde la Ruhuhu kule kusini ambako mto Ruhuhu unaelekea Ziwa Nyasa. Asili ni asili yetu hii hii, saurus ni mjusi kwa Kigiriki, kongwe ni kongwe. Aliishi miaka kama milioni 243 iliyopita au zaidi kidogo, Tendaguru yote bado haijafikiriwa, yaani kati yake na Giraffatitan kuna muda mrefu kuliko wote tunaoutaja kwenye historia yetu hata ukiuzidisha mara elfu. Sio dinosaria kwa mpangilio ambao wengi wanautumia, ni wa kundi la karibu kabisa na dinosaria, binamu. Na kwa kuwa binamu alikuwepo kipindi hicho, maana yake ukoo wa dinosaria ulikuwa umeshaachana na ukoo huo, hata kama mifupa yao ya wakati ule ni adimu. Ni hoja ya mti wa ukoo tu, kama binamu yako amezaliwa 1950 basi babu yenu alikuwepo kabla ya hapo, mtoto wa darasa la saba anaielewa.

Alikuwa mdogo. Urefu mita 1 mpaka 3 na mkia ukiwemo, mwepesi, alitembea kwa miguu minne, ncha ya taya ya chini kama mdomo wa ndege. Kwenye ukuta wa mita 6 anaenea kwa kipimo chake halisi! Tena unaweza kuchora wawili watatu wanafuatana, na hilo lina msingi maana mifupa iliyopatikana ilikuwa ya wanyama 14 au zaidi. Mtoto wa darasa la kwanza akisimama karibu na picha anaona kabisa huyu nimemzidi hapa, huyu amenizidi hapa. Na kielelezo chake kikuu, ule mfupa wa kwanza ambao jina limefungwa juu yake, namba yake inaanza na NMT, ambayo ni Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Kwao rasmi ni Dar es Salaam. Linganisha na brancai.

Udhaifu wake ni jina nusu kwa nusu, na ukweli kwamba watoto wakiuliza ni dinosaria ujibu ndiyo au hapana ya haraka, huwezi, inabidi ueleze. Mwalimu mzuri atalifurahia hilo. Mwalimu mwenye watoto 90 darasani sijui.

Ruhuhu hiyo hiyo imemtoa Nyasasaurus, ambaye huenda ni dinosaria wa zamani kuliko wote wanaojulikana duniani, jina limechapishwa 2013 wakati mifupa ilichimbwa miaka ya 1930. Ningempenda sana ukutani lakini kilichopo ni mfupa wa mkono na pingili chache, fundi atachora mawazo yake mwenyewe, kwa hiyo nimemtoa.

Wa nne, Mambawakale ruhuhu, mpya kuliko wote hapa, 2022, ila mifupa yake ilichukuliwa 1963 na msafara wa Waingereza ikakaa London karibu miaka 60 ikiwa na jina la mtaani tu, lisilo rasmi. Richard Butler na wenzake ndo wamemaliza kazi. Fuvu lake limezidi sentimita 75, meno kama visu, mwindaji, mmoja wa wakubwa wa zama zake. Na kwenye kuchagua jina waliandika wazi kwamba Kiswahili kimetumika kutambua mchango mkubwa wa Watanzania waliofanya kazi kwenye msafara ule bila majina yao kuandikwa. Nimelirudia hilo mara mbili. Boheti angalau jina lake lilihifadhiwa likaja kutumika, hawa wa 1963 hata majina hayakuandikwa, ndo wakapewa lugha badala ya jina. Inatosha? Mi naona haitoshi ila ni kweli, na ni bora kuliko kimya.

Tahadhari moja kwa Mambawakale, yeye yupo upande wa ukoo wa mamba lakini sio mamba. Ukimchora kama mamba wa Rufiji kalala kwenye matope umekosea, huyu alitembea nchi kavu na miguu imesimama chini ya mwili. Jina lenyewe linavuta upande wa makosa, na fundi wa kawaida ukimwambia mamba wa kale atakuchorea mamba. Kwa watoto wa kiume wa darasa la nne na la tano huyu ndo atashinda kura bila kampeni, nimeona kwa wanangu, meno yanatosha.

Sasa tukiwaweka bega kwa bega. Ukitaka umaarufu na historia nzito, Giraffatitan hana mpinzani, na kwa sekondari ningemchagua yeye bila kusita kwa sababu somo lake ni historia na baiolojia kwa pamoja, Maji Maji, ukoloni, wapagazi, Berlin, Boheti, yote yanaingia kwenye mnyama mmoja. Ukitaka kipimo halisi ukutani, Asilisaurus, na Mambawakale anafuata kwa mbali maana naye anaweza kuenea kwenye mita 6 akibanwa kidogo. Ukiwa na nafasi ndogo sana, mlango tu au ubao, basi mchukue Pakasuchus kapilimai ambaye sikumuweka kwenye wanne lakini ni mtamu, mamba mdogo wa ukubwa wa paka aliyepatikana bonde la Rukwa, jina la 2010, paka ni paka huyu wa nyumbani sababu meno yake ya nyuma yamekaa kama ya mnyama anayetafuna na sio kama ya mamba, na kapilimai ni kumuenzi marehemu profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huyo unaweza kumchora kwa kipimo chake kwenye mlango wa kabati na nafasi ikabaki.

Lakini kwa shule ya msingi, ukitaka kitu kimoja ambacho mtoto akipita kila asubuhi atakisoma mwenyewe bila kufundishwa na kukielewa hapo hapo, ni Mnyamawamtuka. Nilifanya jaribio dogo nyumbani. Nikawaandikia watoto majina manne kwenye karatasi, sikusema kitu. Giraffatitan brancai wakasoma kwa kukwama wakaniuliza ni nini. Asilisaurus kongwe wakaruka la kwanza wakashika kongwe. Mambawakale wakacheka, mamba wa kale! Mnyamawamtuka moyowamkia mdogo akasoma kwa kuvuta, mnya-ma-wa-mtu-ka, akanyamaza, halafu akaniuliza Mtuka ni wapi, na mkia wake una moyo kweli? Hakuuliza maana ya jina. Aliuliza kuhusu mnyama. Hapo ndo nikaona tofauti, kwa majina mengine sayansi inaanza baada ya tafsiri, kwa hili inaanza mara moja. Mimi nilisoma baiolojia nikikariri Kilatini kama dua, nikafaulu, na mengi sikuyaelewa maana yake mpaka leo.

Mzazi mmoja aliniuliza jambo la maana, je hii ya kutumia Kiswahili inaruhusiwa au ni kama jina la utani? Inaruhusiwa kabisa. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinakubali neno la lugha yoyote mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini, liwe na sehemu mbili, jenasi na spishi, lichapishwe pamoja na maelezo ya kinachomtofautisha mnyama huyo, na lifungwe kwenye kielelezo maalumu kilichohifadhiwa. Na jina la kwanza kuchapishwa ndo lenye haki, anayechelewa anatafuta lingine. Hata Tendaguru yaliwakuta. Fraas yule wa 1907 aliwaita wanyama wake wawili Gigantosaurus mwaka 1908, kumbe Mwingereza Seeley alishalitumia jina hilo 1869 kwa mnyama mwingine kabisa, ikabidi lifutwe, na leo mmoja wao anaitwa Tornieria na mwingine, baada ya kuhamishwa hamishwa, ni Janenschia, kwa heshima ya Janensch, jina alilolipata 1991. Kwa hiyo Mnyamawamtuka likishachapishwa hakuna wa kuja kulibadilisha kwa sababu tu halimkai mdomoni.

Kura yangu kwenye grupu nimeshaitoa, Mnyama wa Mtuka katikati kwa skeli, na chini kulia, kwenye kona ya mita moja na nusu iliyobaki, Asilisaurus mmoja mdogo kwa kipimo halisi ili watoto wapate wa kusimama naye. Najua tulisema mmoja. Nimeongea na fundi, kijivu na udongo vinavyobaki vinatosha.

Ukifika kwenye maandishi ya chini kuwa makini. Neno la kwanza herufi kubwa mwanzoni, la pili ndogo yote, na yote mawili yalale kidogo kama mwandiko wa italiki, hata kama la pili limetokana na jina la mtu au la mto. Fundi wetu aliposoma karatasi alitaka kunisaidia, akaandika kwa penseli Mnyama wa Mtuka, maneno matatu, akasema umesahau nafasi. Nikamwambia hapana, kwa chini yake unaweza kuweka hivyo kama maelezo, ila jina lenyewe ni neno moja, liandike limeshikana hivyo hivyo, Mnyamawamtuka, herufi 13, pima kwanza zitaenea.